Umenenepa, Dada

Ngazi za kupandia jimu yetu ni za vigae, na nilishajifunza kumtambua mtu kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni. Raba mpya zinalia kama panya. Raba zilizozoea hazina sauti. Viatu vya meneja vinagonga. Wiki ninayotaka kuisimulia nilikaa mapokezi nikisikiliza ngazi kuliko kitu kingine chochote, nikimsubiri mwanamke mmoja apande, na kila mara zilikuwa hatua za mtu mwingine.

Lakini nianze na raha, maana raha zilikuwepo, tena nyingi.

Jimu iko ghorofa ya juu ya jengo jipya lenye vioo vya bluu, hapa Babati mjini. Kabla yake vijana wa mtaani kwetu walikuwa wananyanyua makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege, yameunganishwa na bomba. Sasa zikaja mashine zinazowaka taa, kiyoyozi, muziki usioumiza masikio, na maji ya moto yanayotoka ukutani. Siku ya kwanza kuruhusiwa kuoga pale baada ya kazi nilisimama chini ya yale maji mpaka vidole vikakunjamana. Nilikuwa najisemea, mtoto wa Mutuka, umefika. Kwetu ni wakulima wa mahindi na mbaazi, maji ya kuoga yanachemshwa mtu akiwa mgonjwa. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ya kawaida, yale ambayo ukiyasema watu wanakuambia pole halafu wanabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo kupewa fulana yenye nembo kifuani, na kuachiwa funguo za kufungua mlango wa vioo asubuhi, kwangu hakikuwa kitu kidogo.

Asubuhi, kabla ya watu kufika, jimu ilikuwa yangu. Upande mmoja wa dirisha unaona ziwa likiwa na ukungu, upande mwingine mlima Kwaraa na wingu lake kichwani. Nilikuwa napanda mashine ya kukimbilia, naiwasha taratibu, natembea huku nalitazama ziwa. Na nilikuwa na ndoto, tena ndoto yenyewe ilikuwa na kifaa. Dada anayefundisha darasa la wanawake la asubuhi anavaa kipaza sauti kidogo kinachokaa sikioni na kupinda mpaka mdomoni. Anaruka, anahesabu, na sauti yake inajaa chumba kizima. Alikuwa mjamzito, anakaribia kwenda likizo. Meneja alishaniambia nikimaliza miezi yangu ya majaribio vizuri, tajiri mwenye jimu akaja kunithibitisha, nitaanza kujifunza kushika nafasi yake. Chumbani kwangu Nangara, nilipopanga, nilikuwa nachomeka kibanio cha nywele sikioni, naruka mbele ya kioo kidogo. "Moja! Mbili! Usichoke, mama!" Jirani aligonga ukuta siku moja akauliza kama nimepata mgeni.

Karaha nazo zilikuwepo. Kusimama siku nzima. Kutabasamu mpaka mashavu yanakaza kama yamepigwa pasi. Kuogopa umeme ukatike mtu akiwa anakimbia kwa kasi, kisha jenereta ichelewe, kisha alaumiwe aliyeko mapokezi. Lakini karaha iliyonikaa moyoni ilikuwa moja. Siku ya kwanza meneja, kijana kutoka Arusha mwenye ndevu zilizochongwa, alituweka mstari akatufundisha kupokea watu.

"Hapa hakuna shikamoo," alisema. "Shikamoo inamzeesha mteja. Mtu amekuja hapa ajisikie kijana, wewe unamwambia shikamoo. Sema karibu sana, tabasamu, mpe taulo. Basi."

Nilitii. Wazee wa umri wa baba yangu waliingia na kaptula, nikawaambia "karibu sana" kavu, kama nawauzia vocha. Akina mama ambao kanisani ningewapigia goti niliwapa taulo na meno. Kila mara nilihisi mama yangu ananitazama kutoka kwenye ile kamera ya darini. Nadhani shikamoo zote nilizozimeza zilikuwa zinatafuta pa kutokea.

Zikatokea Jumatatu.

Kulikuwa na dada mmoja, mtumishi katika ofisi za mkoa, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyehamishiwa huku. Mtu wa utani, mkarimu wa maneno. Ndiye pekee aliyeniuliza kwetu ni wapi na akakumbuka jibu. Tena ndiye aliyewaleta wenzake wa ofisini, kundi zima, wakijaza darasa la asubuhi. Alikuwa amekwenda Dodoma kikazi, akakaa huko muda mrefu, na asubuhi ile nilipoziona raba zake za rangi ya chungwa zinatokea ngazini, moyo wangu ulifurahi kweli. Mapokezi palikuwa pamejaa. Nilimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana dada! Jamani, umenenepa! Hongera, Dodoma imekutunza!"

Naomba nieleweke. Kwetu mtu akitoka safari huwezi kumwacha hivi hivi. Unamwambia amenenepa, amependeza, huko alikokuwa wamemlisha. Hata akirudi kama ufito unamwambia. Kumwambia amekonda ni kumpa pole, ni kuuliza anaumwa nini au amefiwa na nani. Neno lilitoka lenyewe, kama mkono unavyotoka ukipewa mkono.

Baba mmoja aliyekuwa anajifuta jasho akabaki na taulo usoni. Dada akanitazama, akajitazama chini, kifuani mpaka kwenye raba, akasema, "Asante." Akageuka, akashuka ngazi. Nikasikia gari linawashwa. Juu ya meza yangu alikuwa ameacha chupa yake ya maji, ile ya chuma yenye kamba.

Mwalimu wa vyuma, mtu mwenye mikono minene na mdomo usio na breki, alikuwa wa kwanza kufika.

"Dogo," alisema, "si ungemwambia tu amefanana na viboko wa ziwani, tujue moja?"

"Nilikuwa namkaribisha, mwalimu."

"Umemkaribisha mpaka ameondoka."

Meneja hakucheka. Aliniita kwenye kiofisi chake, akafunga mlango. Aliongea polepole, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Yule akihama, anahama na ofisi nzima. Unajua hilo?"

"Najua, bosi."

"Tajiri anakuja Jumamosi kuamua habari yako. Ataniuliza mteja huyu yuko wapi. Mimi sitadanganya. Akiwa amerudi, tutaongea. Akiwa hajarudi," akafungua mikono, "utarudi kwenu ukavune mbaazi."

Basi ndiyo wiki niliyoanza kusikiliza ngazi. Jumanne wenzake walikuja, yeye hakuja. Niliwapa taulo nikiwachungulia nyuso, nione kama wanajua. Wote walijua. Mmoja aliniambia, "Na mimi je, nimenenepa?" wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Ile chupa niliiosha, nikaifuta, nikaiweka kwenye friji ikiwa na maji safi, ili akija aikute baridi. Jioni niliyamwaga. Asubuhi yake nikajaza mengine.

Jumatano, saa ya mapumziko, sikuweza kukaa. Nilichukua chupa nikaenda kwa miguu mpaka kwenye ofisi anakofanyia kazi, nikasimama getini. Mlinzi, baba wa makamo, alinitazama kuanzia fulana mpaka chupa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nani unamtaka?"

Nikamwelezea. Akauliza, "Nimwambie anatafutwa na nani? Kwa shida gani?"

Shida gani. Nilijaribu kuipanga kichwani. Mwambie ni yule aliyemwambia amenenepa. Mwambie amekuja kusema hakunenepa. Kila nilivyoipanga ilizidi kuharibika. Wakati naipangapanga hivyo, nikamwona. Alikuwa anatoka kwenye gari, mbali kidogo, na faili kwapani. Gauni lilikuwa linamning'inia mabegani. Shingo ilikuwa nyembamba, mifupa ya hapa mbele imetokeza. Hakuwa amenenepa hata kidogo. Jumatatu nilikuwa nimeona raba zake na furaha yangu tu, yeye mwenyewe sikuwa nimemtazama.

"Mwanangu, nani?" mlinzi akarudia.

"Nitarudi baba," nikasema, nikaondoka mbiombio kama mwizi wa chupa.

Siku hiyo hiyo mama yangu alipiga simu kutoka Mutuka. Kiswahili cha mama ni cha kuendea sokoni, kifupi na cha haraka. Mtu wa kwetu alikuwa ameniona sokoni akapeleka habari.

"Nimesikia umekonda."

"Hapana mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Nani anakufukuza?" Nikasikia kuku nyuma yake. "Natuma chakula. Jumapili uje nikuone. Nikikuona umekonda kweli, hurudi huko."

Sikumwambia kwamba huenda Jumapili nisiwe na pa kurudi. Nilimwambia asante, nikakata, nikaenda kusimama bafuni kwenye vile vigae vyeupe. Nilifungua maji ya moto nikaweka mkono tu. Nilikuwa nimeanza kuyaaga.

Alhamisi dada hakuja. Jioni kijana wa bodaboda wa kwetu alileta kifurushi cha mama: viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye kanga, na kidumu cha maziwa mgando. Sikuweza kula. Ijumaa nikavibeba vyote kwenda navyo kazini, nikavificha kwenye kabati la taulo katika chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake, maana kuingia na chakula jimu ni marufuku, kuna mpaka picha ya soda iliyopigwa mstari mwekundu.

Nilifungua mapema kuliko kawaida. Sikupanda mashine, sikulitazama ziwa. Nilikaa. Na hapo, kabla hata jua halijagusa Kwaraa, nikasikia raba zilizozoea. Yaani sikuzisikia, nilisikia pumzi tu, ya mtu anayepanda kwa shida.

Alikuwa yeye. Macho yameingia ndani. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu sana dada," nikasema, nikaishia hapo, nimeuma ulimi.

"Mzani uko wapi siku hizi?"

"Uko kule kule, dada."

"Twende unipime."

Mzani wetu uko pembeni ya chumba cha kubadilishia nguo. Nilitembea mbele yake. Niliomba, kweli niliomba, lakini sikujua niombe nini. Uzito ukiwa umepanda, nilisema kweli na nimemuumiza. Ukiwa umeshuka, nilisema uongo na nimemuumiza. Alivua raba, akapanda, akafumba macho.

"Soma."

Nikasoma, kwa sauti ya chini. Akafumbua macho akasoma mwenyewe. Akashuka, akapanda tena. Ile ile.

"Tangu nianze kuja hapa sijawahi kushuka mpaka hapo," alisema. Akanigeukia. "Ofisini wananiuliza kama naumwa. Mama mmoja kaniletea dawa ya mizizi. Wewe unaniambia nimenenepa, mbele za watu. Sasa nani mwongo?"

"Mimi, dada. Hapana. Siyo mwongo." Machozi yalikuwa yameshafika. "Nilikuwa nakusalimia."

"Kunisalimia?"

"Ndiyo. Hapa shikamoo tumekatazwa. Nilifurahi kukuona. Kwetu mtu akitoka safari tunamwambia hivyo. Sikukutazama hata. Nilikusalimia tu."

Alikaa kwenye benchi la mbao, akaweka mkono ukutani, halafu kichwa kwenye mkono. Nilidhani analia. Kumbe chumba kilikuwa kinamzunguka.

"Tangu Jumatatu nakula matango," alisema, bado ameinama. "Matango na maji ya moto. Kwa ajili ya salamu."

Hapo woga wa kufukuzwa ulinitoka, ukaingia mwingine mbaya zaidi. Mtu mzima, na kazi yake na watoto wake, ameshinda na njaa siku zote hizo kwa sababu ya mdomo wangu. Nilifungua kabati la taulo, nikatoa kifurushi, nikafungua kanga pale pale sakafuni. Nilimenya kiazi, nikampa. Nilimmiminia maziwa kwenye kifuniko cha chupa yake mwenyewe, niliyokuwa nimeikimbilia kwenye friji.

"Nani kakuambia uniletee viazi?"

"Ni vya mama yangu. Amesikia nimekonda."

Akanitazama, na mdomo ukamchezacheza. Akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu, kisha akauma kiazi. Alikula kama watu wanavyokula wakitoka shamba. Kiazi cha pili alikimenya mwenyewe.

"Nilichukia, usijidanganye," alisema akiwa na mdomo umejaa. "Nililia kwenye gari. Bibi yangu alikuwa ananiambia vile vile kila nikifunga shule. Lakini bibi hakuwa na mzani, mdogo wangu. Neno lile mahali pake siyo hapa."

"Nimeelewa dada. Nisamehe."

"Kula na wewe. Wewe ndiye umeambiwa umekonda."

Nikakaa sakafuni, nikala. Ndipo viatu vikagonga ngazini, vikaingia mapokezi, vikasimama kwenye kile kiti kilichoanguka. Meneja akaniita, mara ya kwanza, ya pili. Sikuwa na pa kukificha kidumu. Ni chumba cha wanawake, hawezi kuingia, lakini mlango ulikuwa wazi na yeye alisimama nje yake. Aliona kanga, aliona maganda juu ya taulo yake nyeupe, aliona mteja aliyekuwa anatafutwa wiki nzima akiwa na ndevu za maziwa.

"Chakula," alisema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Karibu, meneja," dada akasema. "Kuna kiazi."

Alisimama. Akakitazama kiazi, akakitazama kidumu. Akasema, "Mkimaliza mfungue dirisha," akaondoka. Siku nzima hakunisemesha. Ningependa zaidi anigombeze, nijue nimesimama wapi.

Jumamosi tajiri akaja, mzee mfupi mwenye koti, akapitisha kidole juu ya mashine kutafuta vumbi. Nilisimama kando ya meza. Darasa lilikuwa linaendelea, na dada wa raba za chungwa alikuwa mstari wa mbele, akifanya nusu ya kila zoezi na kupumzika. Tajiri akaninyooshea kidole.

"Ni huyu?"

"Ni huyu," meneja akasema. Nikasubiri ataje viazi. Nikasubiri maganda, taulo, neno la Jumatatu. Meneja akajikuna ndevu. "Anafungua mapema," akasema.

Tajiri akajifuta kidole kwenye koti. "Mwongezee majaribio," akaamua. "Tumwangalie kwanza. Darasa baadaye."

Hivyo sikufukuzwa wala sikuthibitishwa. Kipaza sauti cha sikioni kilikwenda kwa dada mwingine aliyeletwa kutoka Arusha, mimi nikaambiwa nisimame nyuma ya darasa nijifunze kwa kutazama. Watu wananiambia nishukuru, na nashukuru, lakini hadi leo nikisikia tajiri anakuja napitisha kitambaa juu ya kila mashine.

Jumapili nilikwenda Mutuka. Mama alinishika mkono wa juu kwa vidole vyake, akaupima kama anavyopima kamba ya ng'ombe, akasema nimekonda, akaninyang'anya begi. Nilikula mpaka nikahema. Nikamsimulia yote, kuanzia ngazi mpaka maganda. Alisikiliza akichambua mbaazi, na mwisho akainua uso, ameshangaa kabisa.

"Sasa ulitaka umwambie nini?"

Aliendelea kuchambua. Jioni alinirudishia begi, limejazwa viazi, bila kusema kama ameniruhusu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani. Meneja alikuwa pembeni yangu anarekebisha kompyuta, amenipa mgongo. Nikasikia pumzi ngazini, safari hii siyo ya shida. Zikatokea raba za chungwa.

"Karibu sana dada," nikasema. Nikatabasamu, nikampa taulo. Basi, kama tulivyofundishwa.

Hakuondoka. Alisimama na taulo mkononi, ananitazama.

"Bado kitu," akasema.

Nikamtazama meneja mgongoni. Nikamtazama yeye, safari hii kweli, uso mpaka shingo: mashavu yalikuwa yanaanza kurudi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Niliinama juu ya meza, nikalisema kwa sauti ya chini kabisa, ya kanisani.

"Umenenepa, dada."

"Marahaba," akajibu, akapita kwenda zake.

Vidole vya meneja vikasimama juu ya kompyuta.